Mpira Ulikuwa Ndani

Siku ambayo Bertilla aliingoja miaka na miaka, wageni walianza kuingia kabla hata chai haijachemka.

Wa kwanza alikuwa mzee Basil wa jumuiya, aliyekuja kuazima ngazi. Ngazi alipewa, ikaegemezwa ukutani nje, naye akaingia sebuleni kusalimia. Bertilla alikuwa ameshakaa mkekani, macho kwenye televisheni, sweta mbili mwilini maana Juni ya Sumbawanga haina mchezo. Akainuka, akamgeukia mzee, akachuchumaa, akapiga viganja vyake taratibu. Shikamoo. Marahaba. Habari za kijijini. Njema. Watoto hawajambo? Hawajambo. Ulezi mmevuna? Tumevuna. Na yule ng'ombe mwekundu aliyevunjika pembe? Nyuma ya mgongo wake, huko kwenye televisheni, watu walipiga makofi, na Bertilla hakujua wamempigia nani.

Alichotaka ni kumwona mwanawe tu. Rozina, mtoto wake wa pekee, asubuhi ile alikuwa Nairobi, anacheza tenisi kwenye mashindano ya wanawake wa kulipwa, mmoja kwa mmoja, raundi ya kwanza. Alikuwa amepenya kwenye mechi za mchujo kwa jasho lake, na sasa alikuwa ndani, pamoja na wenye majina. Bertilla hakuwahi kumwona akicheza tangu alipoondoka Sumbawanga na sanduku la bati, bado mwanafunzi. Habari zake alizipata kwenye simu: mama nimeshinda, mama nimeshindwa, mama goti linauma. Na kushindwa kulikuwa kwingi kuliko kushinda, tusidanganyane.

Ndiyo maana alitoka kijijini kwake, upande wa njia ya Matai, akaja mjini kulala mtaa wa Chanji kwa shemeji yake Kalisti, na unga wa ulezi kwenye ndoo na maharage kwenye mfuko, kwa sababu huendi kuangalia televisheni ya mtu mikono mitupu. Kijijini televisheni ipo, tena ya sola, ila ipo kilabuni na wenyewe hawajui kitu kingine zaidi ya mpira wa miguu. Ukiwaambia tenisi wanakuuliza goli liko wapi.

Kalisti alikuwa kaka mkubwa wa marehemu mume wake. Alikuwa na duka la pembejeo, nyumba ya matofali ya kuchoma na sauti ya upole ambayo watu huinyamazia kuliko ukali. Baada ya msiba alimsomesha Rozina, na hakuwahi hata siku moja kuutangaza wema huo. Lakini siku ya Pasaka, ukoo ukiwa umekaa, alisema neno.

"Huyu mtoto amezunguka vya kutosha," alisema. "Mimi simkatazi mchezo. Lakini miaka inakwenda, na mchezo usioleta kitu ni uzururaji. Akiingia tena kwenye mashindano makubwa akashinda hata mechi moja, nitanyamaza, aendelee. Akishindwa, arudi akae dukani, auze mbegu na mbolea."

Bertilla alikuwa amechuchumaa karibu na mlango. Akapiga viganja, akasema, "Asante, shemeji." Rozina naye alipopigiwa simu akasema, "Ndiyo, baba mkubwa." Basi likapita hivyo. Usiku mzima Bertilla aliitafuna ile asante yake, na kadiri alivyoitafuna ndivyo ilivyozidi kuwa chungu.

Kwao mtoto wa kike hujua kuchuchumaa mbele ya wakubwa kabla hajajua kutenga ugali. Hakuna anayekaa kumfundisha. Anamwona mama yake, anafuata. Salamu haikatwi katikati hata kama chungu kinaungua. Na mtu mzima habishiwi. Akikosea, unamwacha na kosa lake mpaka aondoke, ndipo ulirekebishe polepole bila kumwaibisha. Ni adabu nzuri, imewatunza Wafipa na majirani zao, na Bertilla aliipenda. Lakini asubuhi ile, akiulizwa habari za ng'ombe, alitamani ng'ombe wote wafe.

Mzee Basil alipotosheka na habari za mifugo, aliketi. Hakuwa na haraka tena na ngazi. Bertilla akageuka, akamuuliza Andwele, "Mwalimu, ikoje?"

Andwele alikuwa jirani wa Kalisti, afisa ardhi, mtu wa Mbeya aliyehamishiwa Sumbawanga kwa muda mfupi akasahauliwa huko huko. Ndiye aliyeunganisha simu yake na televisheni ili mechi ionekane, na ndiye aliyemshikisha Rozina raketi ya kwanza. Alikuna kidevu. "Seti ya kwanza imekwenda, mama. Amechukua yule mwenzake. Lakini bado, bado kabisa."

"Imekwenda saa ngazi?" Bertilla aliuliza, na hata yeye mwenyewe alisikia kwamba ulimi umemteleza kwa hasira. Hakuna aliyecheka.

Tuwaache hapo kidogo, maana tenisi ya Rozina haikuanzia Nairobi.

Jirani na bomani palikuwa na klabu ya zamani ya watumishi, na nyuma ya klabu palikuwa na uwanja mmoja wa tenisi, wa udongo wa kichuguu. Siku hizi watu wanaanikia mahindi pale, na Bertilla alisharudi kijijini. Zamani ulikuwa uwanja kweli. Timoth, mume wa Bertilla, alikuwa mlinzi wake, na Timoth alipofariki kazi ya kuutunza ikabaki kwa mjane. Asubuhi aliumwagilia maji, akaushindilia, akakokota gunia kutoka upande huu hadi upande ule mpaka udongo ukalala, kisha akapiga mistari kwa chokaa. Jioni wakubwa wa ofisi walikuja na kaptula zao nyeupe, wakauchimbua wote. Kesho yake anaanza upya.

Rozina alikuwa anaokota mipira. Andwele alipoona mtoto anairudisha kwa kuipiga na kandambili, akampa raketi kuukuu iliyokatika nyuzi mbili. Haikuchukua muda mrefu akawa anasumbua watu wazima. Walimwona kichekesho kizuri cha jioni, katoto ka mlinzi kenye miguu ya vumbi, na walipokosa mtu wa kucheza naye walimwita.

Jioni moja alikuwa anacheza na bwana mmoja mkubwa wa ofisi, mtu mwenye tumbo na mkoba. Rozina akaupiga mpira kule pembeni kabisa. Yule bwana akasema nje. Mtoto akasogea kwenye wavu, akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtoto anayeeleza jambo, "Hapana mzee, ulikuwa ndani. Alama yake hiyo hapo."

Yule bwana akaangalia pembeni, akawauliza wenzake huyu mtoto ni wa nani. Bertilla alikuwa amesimama na gunia lake nyuma ya uzio. Aliingia, akamshika Rozina mkono, akachuma fimbo kwenye mti wa mlingoti pale pale na kumchapa mbele ya watu, kisha akamchuchumaza apige viganja na kuomba radhi. Mtoto akaomba radhi huku kamasi zikimtiririka. Bwana akasema haidhuru, ni mtoto tu. Andwele alikuwa upande wa pili wa wavu na hakusema neno.

Watu walipoondoka Bertilla alibaki kulaza udongo. Alama ya mpira ilikuwa bado ipo, nusu yake juu ya chokaa. Aliipitishia gunia.

Rozina hakubishana tena na mtu mzima. Andwele alipomtafutia nafasi kwenye kituo cha mafunzo, walimu wa huko walimsifia adabu yake kabla hata hawajamsifia mkono wake, na Bertilla alijivuna. Alijivuna sana, tena hata kanisani.

Sasa turudi sebuleni, ambako seti ya pili ilikuwa imeanza na Bertilla ameona gemu moja tu. Ameona mgongo wa mwanawe, mpana kuliko alivyoujua, na kitambaa cheupe kichwani. Ameona anavyoudundisha mpira kabla ya kuanzisha, kama alivyoudundisha mbele ya jiko akiwa mtoto mpaka mboga zikajaa vumbi. Machozi yalitaka kumtoka. Hapo Monika, mke wa Kalisti, akaita kutoka jikoni, "Mama Rozina, mdogo wangu, hebu nisaidie vikombe, wamama wa kwaya nao wamefika."

Yeye ndiye mke wa mdogo mtu. Vikombe ni vyake. Akaenda. Akaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi, akapanga vitumbua, akapokea wamama wa kwaya, akachuchumaa, habari za kijijini, njema, ulezi mmevuna, tumevuna. Kutoka sebuleni alisikia Andwele akisema "ndiyo hivyo, ndiyo hivyo," na mara makofi, na mara mzee Basil akiuliza huyu mwenye nguo ya bluu ndiye wetu au siye. Alipofika na sinia, seti ya pili ilikuwa imekwisha.

"Amechukua Rozina," Andwele alisema, uso umemng'aa. "Ungeona, mama. Ungeona alivyomkimbiza."

Bertilla aliweka sinia chini. Aliyekuwa na haki ya kuona kuliko wote mle ndani alikuwa ameona kwapa la mama wa kwaya. Alikaa mkekani, akakunja miguu, akajiapiza kwamba akiingia hata askofu atamsalimia kwa mgongo.

Umeme ukakatika.

Televisheni ilizima kwa mlio mdogo, watu wakasema "aaa" kwa pamoja kama wanaitikia sala. Monika akaenda kuangalia kama ni luku iliyoisha au ni mtaa mzima. Ni mtaa mzima. Mashine ya kusaga ya ng'ambo ya barabara nayo ilikuwa imenyamaza.

"Hakuna shida," Andwele alisema, "mechi iko kwenye simu." Akaichomoa simu yake, akaigusagusa, picha ikatokea, ndogo lakini safi. Na kwa kuwa alikuwa mtu aliyelelewa vizuri, aliinuka na simu hiyo, akampa kwa mikono miwili mwenye nyumba.

Bertilla alifumba macho.

Kalisti aliipokea. Kwa sababu ya macho yake alinyoosha mkono mbele kabisa, simu ikawa mbali naye na mbali zaidi na wengine. Watu wakamzunguka, wazee mbele, wamama nyuma, Bertilla kwenye ncha ya mkeka, shingo imekaa upande. Kidole gumba cha Kalisti kilikuwa juu ya picha, kimemfunika mwanawe kuanzia kiunoni kwenda chini. Mara kikateleza, picha ikatoweka, likatokea tangazo la sabuni.

"Imefanyaje hii?" Kalisti aliuliza.

"Samahani mzee, naomba kidogo," Andwele akasema, akairudisha picha, akamrudishia simu. Kidole kikarudi pale pale. Hakuna aliyesema toa kidole. Chumba kizima cha watu wazima, na mwalimu wa mchezo wenyewe yumo, walikaa wakiangalia nusu ya mchezaji.

Hata hivyo, mechi ilikuwa inakwenda, sasa seti ya tatu, ya kuamua. Mwenzake Rozina alikuwa mwanamke mrefu, amemzidi miaka mingi, mwenye mikono mirefu na haraka ya mtu aliyezoea kushinda. Mwamuzi alikuwa mzee wa mvi aliyevaa kofia pana, amekaa juu ya kiti chake kirefu. Uwanja ulikuwa wa udongo mwekundu na mistari myeupe, na kamera imewekwa nyuma ya yule mwanamke mrefu, kwa hiyo upande wake ulionekana vizuri. Wakaenda wakirudiana, huyu gemu, huyu gemu. Rozina akatangulia kidogo. Akatangulia tena.

Andwele aliinama sikioni kwa Bertilla. "Pointi moja, mama," alinong'ona. "Akipata moja tu hii, kashinda mechi."

Bertilla alisogea mbele kwa magoti. Kalisti naye, tumpe haki yake, alisogeza kidole.

Rozina akaanzisha. Mpira ukaenda, ukarudi, ukaenda. Mwanamke mrefu akakimbizwa kulia, akakimbizwa kushoto. Kisha Rozina akaupiga kwa nguvu, ule ule mpigo wa tangu utotoni, kwenda pembeni kabisa, mwenzake akajinyoosha asiufikie, na pale mpira ulipotua mstari ulitoa moshi mdogo mweupe. Mweupe. Bertilla alikuwa amepiga chokaa miaka mingi kiasi cha kujua kwamba mpira ukitua nje unatoa vumbi jekundu.

"Kashinda," alisema kwa sauti ndogo.

Lakini mwanamke mrefu alikuwa ameinua kidole. Akatembea, hakwenda pale mpira ulipotua, akaenda hatua kadhaa pembeni, akaonyesha chini kwa raketi. Pale palikuwa na alama nyingine, ya mpira ambao Rozina aliutoa nje muda mfupi nyuma. Mwamuzi akashuka kwenye kiti, akainama, akaangalia alama aliyoonyeshwa. Ilikuwa nje kweli. Akatikisa kidole: nje.

Rozina alikuwa amefika kwenye wavu. Mdomo wake ulifunguka. Kila mtu mle sebuleni aliuona ulivyofunguka. Alikuwa na haki ya kusema siyo hiyo, ni ile pale, na mwamuzi angegeuza shingo akaiona, maana alama yenyewe ilikuwa inamtazama. Mzee wa mvi alimsubiri kidogo, kofia mkononi. Kisha Rozina akafunga mdomo, akainamisha kichwa, akapiga kiganja chake kwenye nyuzi za raketi mara mbili, polepole, akageuka kurudi nyuma.

Wengine waliona anapangusa vumbi. Bertilla alijua anachofanya.

"Nje," alisema Kalisti. "Bahati mbaya."

Andwele alikohoa. Alimwangalia Bertilla, akaangalia simu mkononi mwa mzee, akatazama kucha zake. Alikuwa ameona. Naye pia alifunga mdomo.

Baada ya hapo hakukuwa na mechi. Rozina alicheza kama mtu aliyeachwa na basi. Mipira ikaingia kwenye wavu, ikaenda nje, nje kweli safari hii, na yule mwanamke mrefu akajikusanyia gemu moja baada ya nyingine mpaka ikaisha. Wakapeana mikono. Wamama wa kwaya wakasema maskini, amejitahidi. Mzee Basil akainuka akakumbuka ngazi yake.

Kalisti alimrudishia Andwele simu kwa mikono miwili, akashukuru. Kisha akajifuta uso kwa leso, na tuseme kweli, hakufurahi. Alikuwa ametamani mtoto ashinde. Lakini alikuwa mtu wa neno lake.

"Basi," alisema. "Tumeona wote kwa macho yetu. Wiki ijayo arudi. Nitamwambia kijana wa dukani amtengenezee nafasi."

Watu wakaitikia kwa kichwa. Macho yakamgeukia Bertilla, kwa sababu ilikuwa zamu yake ya kuchuchumaa na kushukuru. Alikuwa amesimama. Hakukumbuka alisimama saa ngapi. Alifungua mdomo, na kama mwanawe, akaufunga.

Simu yake ndogo ya vitufe ikaita mfukoni.

"Shikamoo mama," Rozina alisema. Alikuwa ametoka kupoteza mechi ya maisha yake na alianza na shikamoo.

"Marahaba. Rozina, mpira ule."

"Ulikuwa ndani, mama."

"Nimeona. Kwa nini hukusema?"

Kulikuwa na kelele za uwanja nyuma yake, mtu anatangaza jina la mchezaji mwingine. "Yule dada ni mkubwa kwangu," Rozina akasema. "Na mwamuzi ni mzee, mama, ana mvi kama baba mkubwa. Ameshainama, ameshasema, watu wote wanaangalia. Ningemwambiaje kwamba amekosea?" Akavuta pumzi. "Mdomo ulikataa. Nilisikia kama kuna mtu nyuma yangu na fimbo."

Bertilla aliibana simu sikioni. Alitaka kumkasirikia. Alitaka sana, maana hasira ya asubuhi nzima ilikuwa imejaa na haina pa kwenda: ng'ombe, vikombe, umeme, kidole. Akaitafuta ya kumpa mwanawe, akakuta haipo. Mtoto alifanya sawasawa na alivyochapwa.

"Ni yeye?" Kalisti aliuliza, ameshanyoosha mkono. "Nipe nimwambie mwenyewe. Ni vizuri alisikie kutoka kwangu."

Mkubwa akikuomba kitu, unakitoa kwa mikono miwili huku umepunguza urefu. Mkono wa Bertilla ulianza kwenda wenyewe, ukafika katikati ya safari. Kisha ukarudi na simu yake kifuani.

"Hapana, shemeji," alisema.

Monika aliyekuwa anakusanya vikombe alisimama na kikombe hewani.

"Hapana nini?" Kalisti aliuliza kwa upole wake.

"Mpira ulikuwa ndani."

"Mama Rozina. Mwamuzi alishuka, akaangalia."

"Alionyeshwa alama siyo yenyewe. Mpira ulipiga chokaa, nimeona ikiruka. Yule mwanamke akaenda kuonyesha alama ya zamani." Magoti yalitaka kukunjika kama yalivyozoea, akayanyoosha kwa nguvu. "Wewe ulisema akishinda mechi moja aendelee. Alishinda. Alishinda, shemeji, na aliyemfanya anyamaze ni mimi."

Kalisti aligeuka kumtazama Andwele, kama mtu anayetafuta msaada. Andwele aliacha kuangalia kucha zake. "Ulikuwa ndani, mzee," akasema. "Na ule wa siku zile pia, kule klabuni. Ulikuwa ndani."

Kalisti hakujua ule wa siku zile ni upi. Alibaki na mkono wake umenyooshwa, haujashuka wala haujapokea kitu, na sebule yote ilikuwa inamsubiri Bertilla achuchumae, aseme samahani, mambo yarudi mahali pake.

"Mama?" sauti ya Rozina ilikuwa inaita ndani ya simu, ndogo, yenye wasiwasi. "Mama, mbona kimya? Uko na nani hapo?"

"Niko na baba yako mkubwa," Bertilla alijibu, bado amesimama, macho hayajamtoka Kalisti.

"Mnafanya nini?"

"Tunabishana."